Ua la Mirsada

Ratnagiri
Jumatatu, 20 Juni 1994

Mwalimu wangu Dk. Moghe,

Nashika miguu yako, na ya mkeo Shangazi Vatsala pia. Natumaini mvua za Pune hazijawachosha na kwamba ukungu wa jicho lako haujazidi. Hapa chuoni chumba cha mimea mikavu kinavuja palepale ulipokiacha kikivuja siku ulipostaafu. Tumelisogeza kabati la tatu hadi mlangoni, sasa kila anayeingia lazima apite kiubavu.

Nina shida, na naona haya kukuletea, maana ni shida ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwezi wa Mei ofisi ya wilaya ilituuliza kama uwanda wa Vetalsada una mmea wowote usioota kwingine. Kuna kampuni inataka kuuchimba wote, mawe mekundu mpaka chini. Nikafungua kabati nikatoa karatasi zako zilizobandikwa ule mmea wa chandkadi. Ziko tatu, zote za Juni 1967, lebo zote kwa mwandiko wako: moja ya Vetalsada, moja ya Ghodesada, moja ya Mirsada. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuuchuma mmea huo popote. Basi niliandika kwamba hata Vetalsada ikichimbwa, chandkadi itabaki kwenye nyanda mbili za ng'ambo ya hori. Nikatia sahihi, ofisi ikashukuru.

Sasa mvua zimeanza, nikaona si vibaya niende nikazione kwa macho. Vetalsada zimechanua hadi huna pa kukanyaga. Ghodesada nilikaa siku mbili, Mirsada siku tatu, na sikuona hata moja. Wachunga ng'ombe wa Mirsada walinifanya mchezo wao wa siku.

"Dada, umepoteza nini, bangili?"

"Natafuta ua."

"Ua? Si ungeenda sokoni, wanauza kwa kamba."

Kikao cha mwisho ni tarehe 25 Agosti. Wanataka kumaliza kabla watu hawajatawanyika kwenda makwao kwa sikukuu ya Ganpati. Mpaka siku hiyo naweza kuiondoa sahihi yangu, baada ya hapo siwezi. Tafadhali niambie ulizichuma sehemu gani hasa ya Mirsada na ya Ghodesada. Lebo zako zinasema "uwandani, penye mawe", na wewe mwenyewe unajua huko hakuna kisicho mawe.

Mwanafunzi wako,
Ketaki Surve


Pune
27 Juni 1994

Mwanangu Ketaki,

Barua yako imenifikia ikiwa imelowa, lakini nimeisoma yote, kwa jicho la kulia.

Nakusikitikia, ila sishangai. Nyie wa siku hizi mnafika uwandani saa nne, mmeshakunywa chai na kula, mnataka ua liwe limesimama likiwangoja. Chandkadi si binti wa kuposwa, haikai sebuleni ikingoja wageni. Inachanua siku nane tu baada ya mvua ya kwanza, na kila uwanda una siku zake. Inawezekana ulichelewa. Inawezekana pia ulitembea ukitazama mbali. Mmea wa urefu wa kiganja hauonwi na mtu anayetazama bahari.

Unauliza mahali hasa. Ni miaka ishirini na saba, mwanangu. Mirsada nakumbuka upande wa kaskazini, kwenye mteremko, penye mabwawa madogo ya mvua. Ghodesada vivyo hivyo. Ukiwahi, za kivulini huenda bado zipo. Nenda mapema na uiname.

Kuhusu sahihi yako, usiwe na papara. Mtaalamu hakani alichoandika kwa kuwa tu miguu yake imechoka. Karatasi zipo, zimepewa namba, zimewekwa kabatini, na watu watatu walizitumia kwenye tasnifu zao. Hiyo inatosha.

Shangazi yako anakusalimu. Anauliza kama bado unafunga Jumatatu, maana mara ya mwisho alikuona umekonda.

Wako,
Y. G. Moghe


Ratnagiri
9 Julai 1994

Mwalimu wangu,

Unisamehe mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Nilikwenda kama ulivyosema, kaskazini, kwenye mteremko, saa kumi na mbili asubuhi na mvua usoni. Nilitembea nimeinama siku mbili. Siku ya pili nikateleza kwenye ukoga wa jiwe lililolowa nikaangukia mkono, kiwiko na kifundo vyote viwili vikavunjika. Wachunga ng'ombe walewale walinibeba mpaka kivukoni. Safari hii hawakunicheka, na hilo liliniumiza zaidi.

Sikuona ua, Mwalimu. Wala jani lake, wala ganda la tunguu lake.

Nitakuambia neno ambalo sijamwambia mtu hapa. Naanza kuamini kwamba sifai kwa kazi hii. Wewe uliuona mmea kwa kupita siku moja, mimi nimetambaa siku saba nisiuone. Nilikwenda ofisi ya wilaya na bandeji yangu nikawaambia nina wasiwasi. Karani akafungua jalada, akaniuliza, "Dk. Moghe ameandika upo. Wewe na yeye nani anajua?" Nilitoka pale nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyekojoa darasani.

Mkuu wa idara anasema kama sijiamini nimpe mwingine chumba cha mimea. Nimeanza kufikiri nikubali.

Ketaki


Pune
16 Julai 1994

Mwanangu Ketaki,

Habari ya mkono wako imenikosesha chakula. Shangazi yako amekuandalia dawa ya mafuta, ataileta mwanetu Nandan akija huko. Usinyanyue mafaili, mwambie mtu akunyanyulie.

Wala usimpe mtu chumba. Huna kosa.

Nimefikiri sana jambo hili nikakumbuka kitu. Mimea ya mwaka ule yote ilibandikwa na Sitaram Gurav, Mungu amlaze pema. Alikuwa mtu mwema lakini mzito, na Juni ile kulikuwa na mafungu mengi mezani, yamelowa, yamerundikana. Inawezekana kabisa alichanganya lebo. Akabandika chandkadi za Vetalsada kwenye karatasi za Mirsada na Ghodesada, na mimea ya huko akaiweka pengine. Mambo hayo hutokea katika kila hifadhi. Nasikitika kumtaja aliyekwisha kufa, lakini ukweli wa sayansi una haki yake.

Andika hivyo kwenye jalada la chuo kama itakutuliza moyo. Ofisi ya wilaya sioni haja ya kuisumbua kwa kosa dogo la gundi.

Wako,
Y. G. Moghe


Ratnagiri
28 Julai 1994

Mwalimu,

Niliandika kwenye jalada kama ulivyosema: kosa la mbandikaji, marehemu S. Gurav. Niliandika kwa furaha, nakiri. Kwa mara ya kwanza tangu Juni nililala vizuri, kwa sababu kosa halikuwa langu.

Nilisahau kwamba anayebandika mimea sasa ni binti yake. Anusaya alichukua nafasi ya baba yake wewe ukiwa bado hapa, kwa hiyo unamjua: haongei mpaka aongee. Juzi alikuja mezani kwangu na jalada limefunguliwa.

"Dada, nani kaandika haya?"

"Mimi."

"Kwa maneno ya nani?"

"Ya Mwalimu Moghe."

"Baba yangu hakujua kusoma," akasema. "Herufi moja hakuijua. Namba alizijua, kwa kuwa alikata tiketi kivukoni kabla ya kuja hapa. Fungu lilikuja na namba yake imefungwa kwa uzi, lebo nayo na namba ileile. Alibandika namba kwa namba. Kama kuna namba mbovu, ilikuja ikiwa mbovu."

Nikamwambia huenda uzi ulilegea. Akanitazama.

"Uzi wa baba yangu? Haya, ulegee. Basi hiyo mimea ya Mirsada aliyoichanganya iko wapi? Nimetoa kila karatasi ya Juni ile. Hakuna inayozidi, hakuna inayopungua. Nyie mtu akishakufa mnaona ni kabati la kutupia vitu."

Hana kosa, Mwalimu. Nimehesabu mwenyewe. Nimelifuta neno lile kwenye jalada mbele yake, na nimemwomba radhi. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe.

Nimeambatanisha nakala za lebo zote tatu. Vetalsada, Alhamisi tarehe 15 Juni 1967. Ghodesada, Jumamosi tarehe 17. Mirsada, Jumapili tarehe 18. Tafadhali zitazame, na uniambie tu unachokumbuka. Zimebaki wiki nne.

Ketaki


Pune
5 Agosti 1994

Mwanangu Ketaki,

Mimi ni Vatsala. Usishtuke, hajafa. Jumatatu walimtoa mtoto wa jicho, jicho limefungwa, hilo jingine nalo daktari hataki alitumie. Kwa hiyo barua zake nasoma mimi. Anakaa kitini kama raja, ananyoosha shingo, nami namsomea. Umbea wote wa chuo sasa naujua.

Barua yako ya tarehe 28 niliifungua jikoni kwanza, nimpunguzie kama kuna la kumpandisha presha. Nikaziona zile nakala.

Mwanangu, Jumapili ya tarehe 18 Juni 1967 Yashwant Moghe hakuwa Mirsada. Alikuwa kwetu Kudal, sebuleni kwa baba yangu, na mjomba wake na shangazi zake wawili, amekuja kuniona kwa ajili ya posa. Mama alinituma niingie na sahani za pohe, ule mchele bapa wa kukaanga. Kwa hofu nilitia chumvi mara mbili. Alikula yote, hakusema kitu, nami nikajiambia huyu ndiye. Tarehe hiyo naijua kama ninavyojua jina langu. Walifika Kudal Ijumaa usiku wakaondoka Jumatatu, sababu basi lilikwama kwenye maji. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, mtu wa mjini kabisa. Wakati huo watu walisema ana miaka thelathini na mbili na ameoa majani. Baba alipomuuliza kazi inaendaje akajibu inaendelea vizuri hata asipokuwepo. Tulicheka, tukaona ni mcheshi.

Nimekaa na barua yako siku mbili. Miaka yote hii nimewaringia majirani kwa zile karatasi. Mume wangu kapanda kila uwanda wa pwani hii ya Konkan kwa miguu, ndivyo ninavyosema, hata kwenye foleni ya maziwa. Sasa nikipita pale nainamisha uso, na hakuna hata anayejua kwa nini.

Halafu kuna yule Sitaram. Siku ya harusi yetu alitembea kutoka stendi na kapu la maembe kichwani. Nilisoma wewe ulivyoandika na yule binti alivyosema, mikono ikaniganda kwenye unga.

Sijui kama nafanya vizuri kukuandikia. Mke hafanyi hivi. Ila uwanda ukichimbwa, haurudi. Sijamwambia kwamba nimekuandikia. Nitamsomea barua yako jioni hii. Tuone.

Shangazi yako,
Vatsala Moghe


Ratnagiri
10 Agosti 1994

Shangazi Vatsala,

Nashika miguu yako. Barua yako nimeifungia kwenye droo yangu, hakuna aliyeiona, hata Anusaya.

Ningeweza kuipeleka ofisini kesho, mambo yakaisha. Sitaki aumbuliwe na mke wake. Alinifundisha kushika kisu cha kukatia mizizi, alinipigania nipate kazi hii walipotaka mwanamume. Nitangoja mpaka tarehe 20 aandike mwenyewe. Asipoandika, Shangazi, nitaitoa barua yako, na unisamehe kabla sijaitoa.

Ketaki


Pune
16 Agosti 1994

Ketaki,

Naandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kama za mtoto, na daktari asijue. Barua hii siwezi kumpa mtu mwingine aiandike.

Vatsala alinisomea barua yako Ijumaa ile. Alisoma yote, hata lile la kabati la kutupia vitu. Zile tarehe za lebo akaziruka. Nimeishi naye miaka ishirini na saba, haruki kitu, hata bei za dawa hunisomea. Nikajua ameziona. Tangu siku hiyo ananipikia vizuri kuliko kawaida na haniulizi lolote. Nakuambia, ningefurahi kama angenitupia sufuria.

Alhamisi ile nilikwenda Vetalsada kweli, na Sitaram alinibebea ubao wa kubania mimea. Tuling'oa chandkadi kumi na tano. Wiki hiyo nilitakiwa nivuke hori niende Ghodesada na Mirsada, maana profesa wangu alitaka nyanda kumi na mimi nilikuwa na sita. Ijumaa mjomba akaja na tiketi za basi, tukaenda Kudal kuona mchumba. Niliporudi Jumanne fungu lilikuwa mezani, limeshakauka vizuri. Nikaligawa mara tatu, tano tano. Nikaandika namba tatu kwenye vipande vitatu vya karatasi, Sitaram akavifunga kwa uzi. Haikuchukua hata nusu saa.

Usidhani ni mvua iliyonizuia, au kivuko. Wiki iliyofuata kulikuwa na jua. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeshaona kwamba hakuna anayekwenda kuhakikisha. Mtu anaamini lebo. Wewe ndiye wa kwanza kwenda, na nilikutuma kaskazini kwenye mteremko ambao sijawahi kuukanyaga, ukavunja mkono. Nilikaa Pune nikikufundisha kuinama.

Na Sitaram. Nililiandika jina lake bila hata kusimamisha kalamu. Hilo ndilo linaloniamsha.

Barua hii ipeleke kwenye kikao. Chandkadi inaota Vetalsada peke yake. Karatasi za Ghodesada na Mirsada ni za uongo, na mwongo ni mimi. Ni hizo mbili, basi.

Moghe


Ratnagiri
Ijumaa, 26 Agosti 1994

Mwalimu,

Niliisoma barua yako jana mbele ya kamati, na sahihi yangu nikaiondoa. Nilipomaliza nikakaa. Halafu wakili wa kampuni akasimama, mtu mpole sana, akasema maneno ambayo sikuyatarajia.

Alisema lebo iliandikwa mwaka 1967 na mtaalamu kijana mwenye macho mazima. Barua imeandikwa na mzee aliyefungwa bandeji, aliyetoka hospitali, anayemhurumia mwanafunzi wake. Lebo mbili za zamani, zenye namba na tarehe, na kumbukumbu moja ya juzi. Mwanasayansi mwenye heshima kama Dk. Moghe hawezi kudanganya mara moja tu maishani, tena bila sababu. "Nani anayeamini hivyo?" akauliza. Mwenyekiti akamkubalia kwa kichwa. Sifa yako njema ndiyo inayoichimba Vetalsada.

Wameahirisha mpaka Jumatatu ya tarehe 5 Septemba. Wanataka uje mwenyewe.

Jambo jingine. Nilitaka kuzitoa zile karatasi mbili kabatini. Anusaya akakataa, na yuko sawa, wewe ndiye uliyetufundisha: lebo ya zamani haichanwi wala haifutwi, hata ikiwa ya uongo. Anayesahihisha anaandika kikaratasi chake, anatia jina na tarehe, kinabandikwa pembeni yake, na vyote viwili vinakaa pamoja milele. Anusaya anasema hiki hawezi kukiandika mtu mwingine kwa niaba yako. Gundi ameshachemsha.

Barua ya Shangazi sijaionyesha mtu. Nimeirudisha humu ndani, muulize yeye.

Ketaki


Ratnagiri
Jumanne, 6 Septemba 1994

Vatsala,

Nimefika salama, jicho linaona. Ulinipa ile barua yako mlangoni nikiwa nimeshabeba begi, ukasema nisome kwenye basi. Niliisoma mara mbili kabla ya Lonavala. Sina la kusema juu yake ila kwamba chumvi ilikuwa nyingi kweli.

Nilikuambia naja kuandika vikaratasi viwili. Nilikudanganya, kama nilivyomdanganya Ketaki. Kwenye basi nilikuwa bado najiambia ni viwili. Nilipoingia chumba cha mimea, Anusaya aliniwekea kiti, akaniletea kalamu, akazitandika zile karatasi mbili mbele yangu. Nikaandika. Akabandika. Akapangusa gundi kwa kitambaa kama baba yake alivyokuwa akifanya, kutoka katikati kwenda pembeni. Halafu hakuondoka.

"Bado?" nikamuuliza.

"Wewe ndiye unayejua, Saheb," akasema.

Nikakumbuka maneno ya yule wakili. Mtu hawezi kudanganya mara moja tu. Alisema kweli, Vatsala, ila aliishika upande usio wake. Nilisimama nikaenda kabati la kwanza. Tulianza Alhamisi, tukamaliza Jumapili alasiri. Mimi nilitaja namba, yeye akaitoa, mimi nikaandika: sikufika hapa, mmea huu niliuchuma kwingine, nikataja wapi. Ketaki alikuwa akiingia na kutoka. Mwanzoni alisema, "Mwalimu, pumzika." Baada ya ishirini hakusema tena.

Ni arobaini na moja. Miaka kumi na minne ya kazi. Nyingi ni za siku za mvua, chache ni za siku ambazo sikuwa na sababu yoyote.

Jana nilizibeba zote kikaoni. Wakili akaanza tena na heshima yangu. Nikamwomba mwenyekiti ruhusa, nikaziweka mezani kwao moja moja, na kila moja nikasema siku hiyo nilikuwa wapi hasa. Hii nilikuwa kwenye mechi ya kriketi. Hii nililala. Nilipofika ya Mirsada nikasema nilikuwa Kudal nikila pohe kwa baba mkwe, na watu wakacheka, karani akacheka hadi akafuta macho. Niliendelea. Kufikia ya thelathini hawakucheka tena. Wakili aliniambia nisihangaike na zilizobaki, amenielewa. Nikamwambia hapana, nizimalize.

Wamekataa ombi la kampuni. Vetalsada haitachimbwa. Mwenyekiti alimshukuru Ketaki kwa jina, akamwambia chumba cha mimea kiko mikononi mwa mtu anayefaa. Mimi hakunitazama. Chuo kimeandika kwa chuo kikuu kuhusu shahada yangu, na nimewaambia sitapinga. Nandan atasikia kazini kwake, afadhali umwambie wewe kwanza.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Tukiwa ngazini nikamwambia Anusaya nataka kumwomba radhi kwa ajili ya baba yake. Akasema, "Si mimi. Mama yupo nyumbani."

Basi jioni tukaenda. Mama yake, Godavari, amezeeka sana, ila masikio yake mazima. Aliniletea kiti, yeye akakaa chini kwenye mkeka akichambua mchele wa Ganpati. Nilimwambia yote: fungu moja, karatasi tatu, na barua niliyoandika Julai kwamba Sitaram alichanganya. Nilijiandaa apige kelele. Aliendelea kuchambua.

"Nalijua," akasema. "Si la Julai. Lile la kwanza."

"Ulilijuaje?"

"Siku ileile alirudi akicheka. Akaniambia, Moghe saheb kang'oa Vetalsada, kapandikiza Mirsada bila kulowa miguu. Na nyingine alikuwa akiniambia. Hii tena, mke wangu, na hii tena. Mwishoni hakuwa akicheka."

Nikamuuliza mbona Sitaram hakuniambia hata siku moja. Akanijibu angemwambia nani, mimi si ndiye niliyekuwa mkubwa wake.

Kwa kuwa nilitaka kusema jema juu yake mbele ya mjane wake, nikamwambia Sitaram alikuwa na adabu kuliko wote chuoni. Miaka kumi na tisa tuliyofanya kazi pamoja, nikizungumza naye aliinamisha macho. Sikuwahi kuona mtu mwenye heshima vile.

Godavari aliweka ungo chini.

"Heshima gani, Saheb?" akasema. "Alikuwa anaona haya kwa ajili yako."

Anusaya alinimiminia chai. Nimekunywa yote, Vatsala, na sikumbuki ilikuwa na sukari au haina, maana muda wote nilikuwa nimetazama sakafuni.

Yashwant